Tiki ya kijani ilinidanganya: miezi 14 na programu ya duka

Jina la programu siliandiki, maana nilicho nacho ni shaka, ushahidi sina. Nyota nawapa mbili. Ungeniuliza mwezi mmoja nyuma ningewapa nne.

Nina duka la vipuri vya bodaboda Kariakoo, upande wa Gerezani. Nililipia shilingi 25,000 kwa mwezi na, kusema haki, kazi iliifanya. Plagi zikibaki tano inakukumbusha kuagiza. Ukurasa wa madeni ndio ulionifanya niitupe kaunta buku, kwa sababu madereva wanakopa, hilo halikwepeki: tairi limepasuka asubuhi, hela ataipata jioni.

Kila usiku nikishafunga hesabu nachomeka flashi, nabonyeza "Hifadhi nakala", inatokea tiki ya kijani. Nachomoa, naenda kuwahi mwendokasi.

Jumapili moja ikaomba kusasishwa, nikaikubalia. Jumatatu naifungua, inaniambia: "Karibu! Andika jina la duka lako." Stoki sifuri, madeni sifuri. Mteja yuko mbele yangu anagonga sarafu kwenye kioo cha kaunta, mimi nimeganda.

Nikajipa moyo, flashi si ipo? Ndani nikakuta nakala saba za usiku saba wa mwisho, maana kila mpya inafuta iliyo kongwe. Zote saba zina kilobaiti 4. Bidhaa zaidi ya 600 na madeni ya mwaka mzima, kilobaiti 4! Picha moja ya simu inazidi hapo mara mia kadhaa. Hisia yangu ni kwamba sasisho fulani la nyuma lilihamishia kumbukumbu kwenye folda nyingine, ila kitufe cha nakala kikabaki kinanakili folda ya zamani iliyo tupu. Halafu sasisho la Jumapili likaanza upya juu ya ile yenye vitu.

Huduma kwa wateja walipokea simu haraka, hapo nawasifu. Jibu lao: "Dada, hapo kwenu umeme ulikatika." Haukukatika. Na hata ungekatika, ni laptopu, ina betri.

Fundi wa jengo la jirani alinifungua macho. Kwenye diski ya zamani ya kuzunguka, faili likifutwa mabaki yake hukaa hadi yaandikwe kitu juu, kwa hiyo hufukuliwa. Yangu ni SSD, diski ya kisasa isiyozunguka: ikishaambiwa sehemu fulani haina kazi, inaisafisha yenyewe. Isitoshe nilikuwa nimeshinda siku nzima nikijaribu hiki na kile badala ya kuizima palepale. Akaniambia nisijione mjinga, mwaka 2018 hata Microsoft walisimamisha sasisho la Oktoba la Windows 10 siku chache tu baada ya kulitoa, kwa kuwa lilifuta mafaili ya baadhi ya watu.

Kilichoniokoa ni mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi. Ripoti za Z za kila siku ninazo kwenye boksi la viatu, jumla za mauzo nikazipata zote. Stoki tulihesabu kwa mkono siku mbili na mdogo wangu. Lakini EFD haijui nani anadaiwa.

Programu bado naitumia, sijapata nyingine ya bei hiyo. Ila siangalii tena tiki. Jumamosi naifungua nakala kwenye laptopu ya mdogo wangu, namtafuta mteja mmoja kwa jina, nikimwona ndipo nafunga duka. Na kaunta buku imerudi chini ya droo.

Madeni yalikuwa kama milioni 3. Wateja tisa wamekuja wenyewe: "Dada, si ulikuwa unanidai hela ya tairi la nyuma?" Niliyekuwa namdai kuliko wote siku hizi anapaki ng'ambo ya barabara.