Paleti ya Bloku ya AutoCAD: Bado Unanakili Milango Kutoka Faili la Jana?

Haya jamani, karibuni tena. Bloku, yaani mchoro mdogo uliohifadhiwa ili uutumie tena na tena ndani ya AutoCAD, programu yetu ya kuchorea ramani, leo siielezi zaidi ya hapo. Nataka tuitazame paleti ya bloku, dirisha dogo la kuchagulia bloku, iliyoingia toleo la 2020, maana bado naona watu wanafungua faili la jana ili wanakili mlango mmoja. Inaniuma kweli!

Tazama skrini. Naandika INSERT, Enter. Paleti hii hapa, kila bloku na picha yake. Hukisii tena MLANGO3 ni upi. Shuka chini, kuna kisanduku cha Repeat Placement. Tia tiki. Na pale Rotation, tia tiki pia. Sasa nabofya mlango mara moja tu... ona! Naweka, nazungusha. Chumba cha pili, naweka, nazungusha. Cha tatu, cha nne. Kwenye paleti sijarudi kabisa! Hiki ndicho kitu ninachokipenda kuliko vyote humu.

Umeona mlango unashikwa kwenye bawaba? Nilipouunda nilibofya pale pale, kama sehemu ya kuushikia. Ukisahau, programu inachukua 0,0, yaani sifuri ya mchoro, na bloku yako inakaa mbali huko, huioni hata ukiitafuta. Halafu niliuchora kwenye leya 0 (leya ni tabaka la mchoro), rangi ByLayer, yaani rangi ya leya yenyewe, ndiyo maana unafuata leya yoyote ninayouwekea.

Kinachoniudhi ni vipimo. Bloku imechorwa kwa milimita, aliyeiunda akaiandikia mita kwenye INSUNITS, mpangilio unaosema bloku ni ya kipimo gani. Ukiiingiza kwenye mchoro wa milimita, inakuzwa mara 1,000: mlango wa milimita 900 unakuwa mita 900! Na paleti haikuonyi. Hapo wameniangusha.

Wenzangu wa BricsCAD, programu mshindani wa AutoCAD, najua mnachotaka kusema: amri yenu ya BLOCKIFY. Nakubali, inatafuta maumbo yanayofanana na kuyageuza bloku yenyewe, na BricsCAD bado unaweza kuinunua mara moja ikawa yako, wakati AutoCAD ni kulipia kila mwezi au kila mwaka. Kwa bei, sibishani nanyi. Ila kwa kuweka tu, mkono wangu umezoea paleti hii.

Video ijayo ni bloku zinazobadilika, zile za tangu toleo la 2006: mlango mmoja unaouvuta upana unaotaka. Mmeniomba sana, nairekodi wiki hii. Jisajili isikupite, na uniandikie hapo chini bloku gani inakusumbua, niifungue humo humo tuirekebishe pamoja.