Giligilani nzima ya pakiti: nyota nne

Pakiti hii ya giligilani nzima, gramu 100, naipa nyota nne kati ya tano. Punje zake ni kubwa, zimerefuka kidogo, rangi ya kahawia inayoelekea njano. Hizo ni za jamii inayolimwa sana India na Moroko. Zile ndogo za mviringo, zisizofika milimita 3, ndizo zenye mafuta mengi, kwa hiyo mpenda harufu kali atafute hizo. Mimi hizi za upole zinanitosha.

Ponda moja kwa kucha uone: inapasuka vipande viwili, maana kila punje ni tunda kavu lenye mbegu mbili. Harufu inayokurukia, yenye uchungwachungwa, inatokana zaidi na linaloli, kemikali ya harufu iliyomo katika mafuta ya punje, na mafuta hayo hupotea upesi hewani punje zikishasagwa. Ndiyo maana sipendekezi unga wa dukani. Niliowahi kununua kwa muuzaji mwingine ulinuka vumbi tu, na kuongeza kijiko hakukusaidia kitu.

Kaanga punje kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, ukitikisa muda wote. Rangi ikianza kuiva, zimimine haraka kwenye sahani. Ukiziacha humo chuma kitazidi kuziunguza. Zikipoa, zitwange pamoja na bizari nyembamba, giligilani mbili kwa bizari moja, utie kwenye mchuzi wa dengu karibu na kuepua. Usizisage zikawa laini kabisa. Vile vipande vidogo vinavyobaki ndivyo vitamu mdomoni.

Ninapotwanga huwa nawafikiria Wamisri wa kale. Katika kaburi la mfalme wao Tutankhamun, ambalo mwanaakiolojia Howard Carter alilifikia mwaka 1922, zilikutwa punje hizi karibu nusu lita. Na huko Pylos, Ugiriki, vibao vya udongo vya zaidi ya miaka 3,000 iliyopita vinaitaja giligilani miongoni mwa vitu vya kutengenezea manukato. Wala sishangai, kwa harufu hii!

Nyingine nilizipanda na zikaota vizuri. Zisugue kwanza zipasuke, kisha uzipande palepale zitakapokulia, kwa kuwa mzizi wake mkuu hauvumilii kuhamishwa. Joto likizidi, mmea hukimbilia kutoa maua na majani huadimika. Majani hayo, yaani kotmiri au dania, yana ladha ya mbali kabisa na punje, na wapo wanaoyaona yananuka sabuni. Msiwacheke: watafiti wamelihusisha jambo hilo na jeni iitwayo OR6A2. Wapikieni kwa punje, wengi hula bila shida.

Nyota moja nimeinyima kwa sababu ya mfuko. Ukishaukata haufungiki tena, na umeandikwa tarehe ya kwisha muda bila mwezi wa mavuno, ambao kwa mnunuzi wa viungo ndio wa maana zaidi. Ukifika nyumbani hamishia kwenye chupa yenye kifuniko cha kubana, mbali na jiko.