Udongo wenye nyuzi za karatasi: uzoefu wangu baada ya kumaliza mfuko mzima

Nimefinyanga sanamu kwa udongo wa kawaida kwa miaka mingi, na jambo ambalo udongo huo ulinifundisha mapema ni kwamba sehemu mbili zinazounganishwa lazima ziwe na unyevu unaolingana. Ukibandika mkono mbichi kwenye kiwiliwili kilichokwisha kukauka, mkono utasinyaa peke yake na ufa utatokea pale pale begani. Kwa hiyo niliposoma kwenye mfuko wa udongo uliochanganywa na rojo ya karatasi kwamba unaungika hata ukiwa mkavu kabisa, sikusadiki, nikanunua kilo 10 ili nijionee mwenyewe.

Jaribio langu kubwa lilikuwa sanamu ya mwanamke aliyepiga magoti, yenye kimo cha sentimita 40. Nilimfinyanga bila mikono, nikamwacha akauke kwa wiki nzima hadi udongo ukapauka na kutoa mlio ukigongwa kwa ukucha, nayo mikono nikaikausha kando. Kisha nililowesha mabega kwa brashi, na maji yakanyonywa papo hapo, kana kwamba nimeyapaka kwenye kitambaa. Nikakwaruza pande zote mbili, nikapaka uji mzito wa udongo uleule, nikaubana mkono kwa muda mfupi, na nilipouachia haukuteleza. Asubuhi niliinua sanamu yote kwa kuishika mkono huo, jambo ambalo nisingethubutu kulifanya kwa udongo wowote mwingine ambao haujachomwa, na kiungo hakikuwa na ufa hata mwembamba kama unywele.

Siri iko kwenye nyuzi za selulosi, yaani zile nyuzi za mimea zinazounda karatasi, ambazo hufyonza maji na kuyapeleka ndani ya sehemu kavu, huku nyuzi zilizomo kwenye uji zikisokotana na zile za pande zote mbili. Hata hivyo, asidhani mtu kwamba udongo huu hausinyai. Mstari wa sentimita 10 niliouchora ukiwa mbichi ulibaki sentimita 9.2 baada ya kuchomwa.

Usoni ndipo uliponisumbua zaidi. Kisu hakikati safi, bali huburuta nyuzi na kuacha kingo zenye manyoya, na kope za macho nilizirudia mara nne kabla ya kugundua kwamba ni afadhali kuzitengeneza kwa sifongo chenye maji kidogo kuliko kwa ncha ya chuma. Manyoya yanayobaki huungua tanurini, lakini alama zake hubaki kwenye ngozi ya sanamu, na anayependa uso laini kama yai ataona kasoro hiyo.

Malalamiko yangu hasa ni kuhusu maelezo ya mfuko, ambayo hayasemi neno lolote kuhusu moshi. Karatasi huungua mwanzoni mwa uchomaji, na chumba changu kilijaa moshi unaochoma macho hadi nikalazimika kutoka nje. Tanuri lenye udongo huu linahitaji mahali penye hewa ya kutosha, na moto upandishwe polepole mpaka moshi uishe. Vilevile hayaonyi kwamba udongo mbichi huoza: mabaki niliyoyafunga yakiwa na maji yalitoa madoa meusi na harufu mbaya baada ya wiki mbili. Sasa huyatandaza yawe mabamba membamba, nikayakausha, na kuyalowesha tena ninapoyahitaji.

Baada ya kuchomwa, sanamu ni nyepesi kuliko nilivyozoea, kwa kuwa nyuzi zimeacha vitundu vitupu, na vitundu hivyo hufyonza maji, kwa hiyo chombo cha kutilia maji nisingekifinyanga kwa udongo huu. Kwa sanamu zenye viungo vinavyochomoza sijapata udongo ulio bora zaidi. Mfuko wa pili nimeshaufungua kwa ajili ya ndege aliyekunjua mabawa. Mabawa yamekwisha kukauka, nami nitayabandika yakiwa hivyo hivyo.