TAHADHARI: Kuna dalali anauza "nusu kiwanja" hapa Kigoma, mimi ameshanipiga

Mwakeye jamani. Naandika mikono inatetemeka, mkikuta herufi zimeruka mnisamehe. Wenzangu wa kikoba mnajua ile hela ilitoka wapi na nimeisubiri muda gani, sirudii. Nimepigwa. Mimi, fundi cherehani wa Mwanga, ninayeshinda na futi kamba shingoni kutwa nzima, nimeuziwa kiwanja kilichopimwa kwa miguu.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne hivi. Alinifuata mwenyewe dukani na bodaboda, nauli akalipa yeye, kwenda na kurudi. (Hapo tu ningeshtuka. Dalali gani wa mji huu anamlipia mteja nauli?) Tukafika Gungu. Kiwanja kimekaa vizuri, barabara ya mtaa mbele, mwembe mmoja kwenye kona. Akatoa karatasi kubwa kwenye bahasha ya kaki, akaitandaza juu ya siti ya pikipiki. Upande mmoja akaukandamiza kwa simu yake, upande wa pili nikashika mimi, maana upepo ulikuwa unaibeba. Ramani ya rangi! Nyumba mbili zimesimama kama mapacha, kila moja na kibaraza chake na geti lake, katikati njia ya kupita, mbele gari jeupe limeegeshwa. Hata maua yalikuwepo.

"Dada yangu, hapa zinakaa nyumba mbili za kujitegemea, hamsikilizani hata mkikohoa. Kiwanja ni 20 kwa 30. Wewe unachukua 10 kwa 30, mwenzako 10 kwa 30, kila mtu na ukuta wake."

Halafu akaanza kutembea kutoka jiwe la mpaka la kwanza. Moja, mbili, tatu, anahesabu kwa sauti kama mwalimu wa darasa la kwanza. Akafika jiwe la pili, akanigeukia anacheka: "Ishirini. Umeona mwenyewe?" Nikaitikia. Na futi kamba ilikuwa shingoni! Nilitoka nayo dukani bila kujua. Ni ya mita moja na nusu tu, lakini ningeiburuza mara 12 ningeujua ukweli palepale, kwa sababu kati ya yale mawe mawili kuna mita 18.

Mtauliza kwa nini nilimwamini. Jamani, huyu si mtu wa kuokota stendi. Ni mteja wangu wa miaka mitatu, nguo za Idi za wanawe nashona mimi, na hajawahi kuniachia deni hata la kifungo. Mdogo wangu alipohamia Ujiji, yeye ndiye aliyemtafutia chumba. Akikaa na mama wanaongea Kiha cha Kasulu mpaka mama anasahau dawa zake. Kopi ya hati alinionyesha, namba ya kiwanja ipo, kitalu kipo, muhuri upo. Baba Zuwena alisema tusubiri kwanza tuulize ardhi. Nikamjibu, "Ndiyo maana hatuendelei." Hilo neno nalijutia mpaka leo, na yeye kwa ustaarabu wake hajanirudishia.

Milioni 4 na laki 5. Tatu nilitoa mkononi siku ileile, iliyobaki nikatuma kwa simu baada ya wiki mbili. Mkataba uliandikwa kwenye karatasi ya daftari, na mashahidi wote wawili alikuja nao yeye.

Nikachukua fundi wa msingi. Akapiga vigingi, akavuta kamba, akaingiza tepu. Akarudia. Akarudia tena. Akaniita pembeni: "Mama Zuwena, hii ramani nani kachora?" Nusu yangu ni mita 9, siyo 10, na urefu ni 28, siyo 30. Kwenye ramani, upana wa nyumba ni sebule mita 4 na chumba mita 3.6. Hivyo ni vyumba vitupu kwa ndani! Kuta hazikuhesabiwa. Weka kuta tatu za tofali za inchi sita, kila moja sentimita 15, unafika mita 8 na sentimita 5, na lipu bado. Inabaki sentimita 95 kwa pande zote mbili. Sentimita 47 kila upande, mtu mnene anapita kiubavuubavu. Sasa bati likitokeza sentimita 60 kama kawaida, paa langu linavuka mpaka. Na la jirani, kwa kuwa ramani ni ileile, linavuka kuja kwangu. Yaani mapaa yanapandana sentimita 25, mvua yangu inamwagikia dirishani kwake na yake dirishani kwangu. Shimo la choo na karo sijui alitaka tuchimbe wapi, sebuleni labda.

Mimi mteja akiniletea kitambaa namwambia mishono inakula, leta yadi ya ziada. Kwenye kiwanja nikasahau kwamba ukuta nao unakula.

Wakati tunabishana akatokea kaka mmoja na mkewe, nao wamekuja kuona "kiwanja chao". Ndiye yule mwenzangu wa upande wa pili. Ramani ileile, gari jeupe lilelile, ila yeye alilipa milioni 5 kwa sababu aliambiwa upande wake una mwembe.

Tukaenda ardhi wote wanne. Afisa akasikiliza, akauliza kwa upole: "Sasa ninyi mmenunua nini?" Kiwanja kilichopimwa hakikatwi kwa karatasi ya daftari. Mwenye hati ndiye anayeomba kugawa, mipango miji wanaangalia kama vipande vinakidhi ukubwa unaotakiwa, wakiridhia mpima anapima upya, ramani ya upimaji inaidhinishwa, ndipo zinatoka namba mbili na hati mbili. Hapo hakuna lililofanyika hata moja. Kiwanja kimoja, hati moja, na jina la kwenye hati si la yule aliyepokea hela zetu. Bila hilo, kibali cha ujenzi tunaombaje?

Nikampigia. Akapokea! "Dada yangu punguza hasira, jengeni ghorofa mtumie pamoja." Tangu hapo simu yangu hapokei.

Jina silitaji kwa sasa, nimeshauriwa hivyo, ila anajijua. Mtu huyu afungwe. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, mpaka miaka 7, na mimi naona ni michache. Aanze kwa kupimishwa uwanja mzima wa Lake Tanganyika kwa zile hatua zake, jua la saa saba, huku tunamhesabia.

Dalili zilikuwepo, nazikumbuka sasa. Kila nikisema twende ardhi, "leo mtandao uko chini." Kila nikisema nifikirie, "kuna mtu wa Kasulu ana hela taslimu." Hati halisi "iko kwa mzee," mzee mwenyewe hatujawahi kumwona. Nikiuliza kuhusu kugawa, "hicho kitu kidogo, tutamalizia mkishajenga." Na hakuwahi kushika tepu. Chukueni na hilo.

Nasikia wapo aliowauzia Bangwe na Katubuka kwa mtindo huuhuu. Mkiwa na karatasi yoyote, ujumbe wa muamala, hata picha ya mkataba, njooni dukani kabla ya Jumatatu. Sisi wawili wa Gungu tunakwenda polisi saa tatu asubuhi, na tukiwa wengi itakuwa vigumu kwake kusema ni kutoelewana.

Ile ramani ninayo, nimeibandika ukutani juu ya cherehani. Jana usiku nimelipima lile gari jeupe kwa rula, nikalinganisha na vipimo vya vyumba alivyoandika mwenyewe. Lina urefu wa mita mbili na robo. Mwenye gari la mita mbili na robo hapa Kigoma ajitokeze, nafasi ya kuegesha ninayo.