Kuta za mji: rangi au mozaiki?

Mtaa ukiamua kuweka wavuvi wake, soko lake au bibi zake ukutani, ubishi ni uleule: tuchore kwa rangi au tubandike mozaiki, yaani picha ya vipande vya vigae?

Kwa gharama, rangi inashinda bila jasho. Jukwaa la kupandia, ndoo za rangi ya akriliki na mafundi wachache, ukuta mkubwa umekamilika kwa wiki chache. Mji wa Philadelphia, Marekani, ulianza hivyo mwaka 1984, ukiwapa vijana waliochafua kuta kazi ya kuzichora. Leo una maelfu ya michoro.

Mozaiki inataka subira. Kigae hukatwa kwa koleo, hupakwa gundi, hukandamizwa kwa kidole gumba, kisha kingine. Ila jua haliipaushi, wakati nyekundu ya rangi mara nyingi ndiyo hutangulia kufa. Benchi la vigae katika bustani ya Park Güell, Barcelona, Hispania, limepita miaka mia, ingawa kwa kukarabatiwa.

Matengenezo? Unyevu ni adui wa zote mbili. Kipande kimoja cha mozaiki kikidondoka, maji hupenya na kung'oa jirani zake.

Jengo likiwa la kubomolewa karibuni, chora. Ngazi au benchi linaloguswa kila siku, bandika vigae.