Uzoefu wangu: kupanga vituo vya gofu ya visahani kwa UDisc, kutoka Charlotte hadi Pasadena

Mwezi Mei nilimsindikiza mdogo wangu aliyekuwa anahamia California kikazi, na badala ya kulisafirisha gari lake tukaamua kuliendesha wenyewe kutoka Charlotte, North Carolina, hadi Pasadena, safari ya takriban kilomita 4,000. Sote wawili tumekulia Tanga, na mchezo wa gofu ya visahani, ambao Wamarekani huuita disc golf, tuliujulia Charlotte, mji wenye viwanja vyake vingi ndani ya bustani za umma. Kwa asiyeufahamu, mchezaji hurusha kisahani cha plastiki kutoka kwenye jukwaa la kuanzia kuelekea kikapu cha chuma chenye minyororo, na aliyetumia mirusho michache zaidi baada ya mashimo 9 au 18 ndiye mshindi; shimo ni jina tu la kila safari moja kutoka jukwaani hadi kikapuni. Tulijipa siku sita za njiani, na tukakubaliana kwamba hakuna hata moja itakayopita bila kucheza.

Chombo tulichokitegemea ni UDisc, programu ya simu inayoonyesha viwanja kwenye ramani na kuhifadhi matokeo ya kila shimo. Kutafuta viwanja na kusoma maelezo yake hakukunigharimu chochote. Kilichonifaa kuliko yote ni yale maelezo madogo ambayo mchezaji wa nyumbani huyapuuza: idadi ya mashimo, kama kuna ada, kama kuna choo na maji ya kunywa, na maoni ya waliocheza pamoja na tarehe zao. Mtu aliyekaa garini saa nne mfululizo anahitaji kujua habari za choo kabla ya kujua uzuri wa shimo la saba. Pamoja na UDisc nilisoma tovuti ya DGCourseReview, ambayo wachangiaji wake huandika kwa urefu, wakitenganisha mazuri, mapungufu na mengineyo. Viwanja nilivyovichagua nilivihamishia kwenye Google Maps, kwa sababu ndiyo iliyotuongoza barabarani.

Siku ya kwanza niliyokaa kupanga, nilifanya kosa ambalo naamini wengi hulifanya: nilichagua viwanja vyenye nyota nyingi, kisha nikajaribu kuviunganisha kwa barabara. Ratiba iliyotoka ilihitaji siku tisa. Nikaanza upya kutoka upande wa pili, nikaichora barabara kwanza na kukubali tu uwanja ulio ndani ya kilomita 15 kutoka barabara kuu. Halafu nikaupa kila mchana uwanja wa mashimo 9, unaochukua chini ya saa moja kwa watu wawili, na jioni uwanja wa mashimo 18 karibu na mahali pa kulala, kwa sababu huo huchukua saa moja na nusu hadi mbili na baada yake hakuna anayetamani kushika usukani. Mpango huo ulitufikisha salama.

Sheria ya kilomita 15 tuliivunja mara moja tu, na kwa makusudi. Appling, Georgia, ndiko kuliko na Kituo cha Kimataifa cha Disc Golf, makao ya PDGA, chama kinachosimamia mchezo huu tangu mwaka 1976. Kutoka barabara ya I-20 ni zaidi ya kilomita 20, lakini pana viwanja vitatu ndani ya msitu kando ya ziwa, na jumba la kumbukumbu lenye visahani na vikapu vya zamani. Uwanja mmojawapo umepewa jina la Ed Headrick, mtu aliyebuni kikapu cha minyororo na kuanzisha PDGA. Alipofariki mwaka 2002, majivu yake yalichanganywa kwenye plastiki ya visahani kama alivyoagiza mwenyewe. Tulikaa pale nusu siku, na kama ningepanga tena ningepatenga siku nzima.

Arkansas ndiko tulikoumia. Katika mji mmoja mdogo nilikuwa nimechagua uwanja kwa nyota zake peke yake, na kwa haraka ya siku ile sikufungua maoni. Tulikuta nyasi zimefika magotini, majukwaa ya mbao yameoza, na kwenye shimo la nne tukazunguka hadi mdogo wangu akauliza, "Kaka, hiki kikapu kiko wapi?" Kilikuwa kimeng'olewa, kimebaki kipande cha bomba kwenye saruji. Tuliporudi kwenye gari tulikaa ukingoni mwa buti, tukakunja suruali na kutoa kupe kwenye soksi mmoja baada ya mwingine, mimi nikiwamulika kwa tochi ya simu na yeye akiwachomoa kwa kibano. Usiku ule nilisoma maoni na kukuta mtu aliyeandika wiki tatu kabla kwamba uwanja umetelekezwa. Nyota ni wastani wa miaka. Tarehe ya maoni ya mwisho ndiyo habari ya leo. Kuanzia hapo sikukubali uwanja wowote ambao haukuwa na maoni ya mwezi uleule.

Ukishapita Oklahoma City, kupanga kunabadilika sura. Umbali kati ya miji unaongezeka, na upepo wa Amarillo, Texas, ni jambo la kuwekwa kwenye ratiba kama lilivyowekwa chakula: kisahani chepesi kikikutana na upepo wa usoni hupinduka na kwenda usikokukusudia, kwa hiyo tulicheza alfajiri, kabla haujaamka sawasawa. Mpakani mwa New Mexico simu ilirudisha saa nyuma kwa saa moja, na msafiri anaweza kudhani amezawadiwa muda wa kucheza, ilhali jua halijaongeza hata dakika. Mimi niliandika kila kituo kwa kuhesabu saa zilizobaki kabla ya magharibi, sikutumia saa ya ukutani. Kwa kuwa mtandao hukatika sehemu nyingi za barabara ile, nilipiga picha za skrini za ramani ya kila uwanja usiku uliotangulia, na picha hizo zilituokoa mara mbili.

Flagstaff, Arizona, iko kwenye mwinuko wa mita 2,100 hivi, na hewa nyepesi ya huko haikibebi kisahani kama ya Charlotte. Visahani vilevile tulivyovizoea vilianguka mapema na kukata kushoto upesi. Tulifurahi sana kucheza kati ya misonobari yake mirefu, katika baridi ya asubuhi, kabla ya kushuka kwenye joto la jangwa la Mojave, ambako hatukupanga kituo chochote na wala sijuti. Visahani tulivitoa kwenye buti tukaviweka ndani penye kiyoyozi, kwani plastiki iliyoachwa juani hupinda.

Kituo cha mwisho kilikuwa Oak Grove, pembezoni mwa Pasadena, uwanja wa kwanza wa kudumu wa mchezo huu, uliowekwa na Headrick mwaka 1975. Ni mdogo kuliko sifa zake, chini ya mialoni mizee, jirani na maabara ya NASA. Mdogo wangu alirusha mrusho wa mwisho wa safari kutoka mita kama nane, minyororo ikalia, naye akasimama pale akiuangalia ule mkoba wake wa visahani uliojaa vumbi la majimbo tisa.

Kwa hiyo UDisc naipendekeza kwa moyo wote kwa anayetaka kuvuka Marekani akicheza, mradi barabara aichore mwenyewe kwanza. Emporia, Kansas, palipochezwa mashindano ya dunia ya mwaka 2016, niliiacha kwa sababu ingetuchepusha kilomita 400 kutoka Oklahoma City. Mdogo wangu atakapopata likizo tutarudi Charlotte kwa barabara ya kaskazini, na huo ndio mji wa kwanza nilioutia alama kwenye ramani.