Chumba Kipi cha Meli ya Kitalii Ununue Ukisafiri Kutoka Nairobi

Mkazi wa Nairobi anayenunua safari ya meli ya kitalii hugharamia mambo mengi kabla hajakanyaga sitaha: tiketi ya ndege hadi bandari ya kuanzia, iwe Durban, Dubai au Barcelona; viza pale inapohitajika; na hoteli ya usiku mmoja, kwa kuwa si busara kutua mjini siku ile ile meli inapong'oa nanga. Chumba ndicho kipengele ambacho bei yake inaweza kupanda mara tatu au nne huku meli ikiwa ni ile ile, bandari zikiwa zile zile na chakula cha ukumbini kikitoka jiko lile lile. Kwa maoni yangu, mahali chumba kilipo ndani ya meli pana uzito kuliko daraja lake, na mpangilio ufuatao umefuata msimamo huo.

Karibu kampuni zote hugawa vyumba katika madaraja manne: vya ndani visivyo na dirisha, vyenye dirisha lisilofunguka, vyenye roshani, na vya kifahari. Ndani ya kila daraja mna vijidaraja vinavyotambulishwa kwa herufi na namba, na mara nyingi tofauti yao ni sitaha tu, yaani ghorofa ya meli. Chumba chenye ukubwa ule ule na kitanda kile kile huuzwa ghali zaidi kikiwa sitaha ya 12 kuliko kikiwa sitaha ya 8. Hapa wanunuzi wengi hutupa fedha, kwa sababu meli inapokwenda mrama, wa juu ndio wanaoyumba zaidi. Na inapokata mawimbi, omo (mbele ya meli) na tezi (nyuma yake) ndizo zinazopanda na kushuka, huku katikati pakitulia. Anayetoka Durban alizingatie jambo hili kwa makini, kwani mkondo wa Agulhas huteremka kando ya pwani ile kuelekea kusini magharibi, na upepo unapovuma kinyume chake mawimbi huwa makali. Kwa bahati njema, chumba cha sitaha ya chini katikati ya meli, ambacho ndicho kitulivu, mara nyingi ni miongoni mwa vyumba vya bei nafuu.

Nafasi ya kwanza naipa chumba cha ndani, kwa sharti kwamba mnunuzi achague namba yake mwenyewe. Ukubwa wake kwa kawaida ni kati ya mita za mraba 13 na 17, nacho kina bafu lake, kiyoyozi na kabati la kutosha safari ya wiki moja. Katika safari fupi za usiku tatu au nne, kama zile za kutoka Durban kwenda pwani ya Msumbiji, abiria hulala chumbani na kubadilisha nguo, basi. Dirisha lingetazamwa na nani? Kasoro yake ni giza totoro, hata mtu asijue kama kumekucha. Meli nyingi zina chaneli ya televisheni inayoonyesha picha za kamera iliyo omoni, na ukiiacha usiku kucha bila sauti hukufanyia kazi ya dirisha. Wenye hofu ya mahali palipofungwa hawatasaidiwa na hilo, na wasijaribu.

Chumba chenye roshani kinashika nafasi ya pili, na ndicho kinachohitaji hesabu ya makini zaidi. Bei zote hutangazwa kwa mtu mmoja, kwa kudhania kwamba chumbani mna watu wawili. Tuseme cha ndani ni dola 600 na cha roshani ni dola 850: pengo si dola 250 bali dola 500 kwa chumba kizima, yaani kama shilingi 65,000 dola ikiwa shilingi 130. Fedha hizo zinastahili kutolewa pale ambapo njia yenyewe ndiyo kivutio, kama vile ghuba nyembamba za Norway zilizozungukwa na milima, au safari ya wiki nzima kutoka Dubai kwenye Ghuba ya Uajemi wakati wa baridi, ambapo jioni huwa na hali ya hewa ya kupendeza. Hata hivyo, si kila roshani hutazama bahari. Tangu Oasis of the Seas ilipoanza safari mwaka 2009, kampuni ya Royal Caribbean huuza pia roshani zinazotazama bustani na viwanja vilivyo ndani ya meli, na bei yake ya chini inatokana na hilo. Meli ya Celebrity Edge ya mwaka 2018 nayo ilileta vyumba ambavyo roshani yake ni sehemu ya chumba, yenye kioo kikubwa ambacho nusu yake ya juu hushuka kwa kubonyeza swichi. Wapo wanaokipenda, lakini anayetaka kutoka nje na kuegemea ukingo atavunjika moyo.

Chumba chenye dirisha ni cha tatu, hasa kwa sababu bei yake mara nyingi huikaribia ya roshani ilhali hewa ya bahari haiingii. Ila kwa mtu anayeshikwa na kichefuchefu baharini, ningekipandisha hadi nafasi ya kwanza bila kusita: sitaha ya chini, katikati, huku macho yakiuona upeo wa bahari, hakuna chumba kinachomtuliza kuliko hicho. Kile ambacho dirisha lake limezibwa na mashua za kuokolea huuzwa kwa punguzo, nacho humfaa anayetaka mwanga tu.

Vyumba vya kifahari nimeviweka nyuma ya hivyo vitatu, si kwa ubaya wao. Katika meli za kampuni ya MSC, sehemu iitwayo Yacht Club, iliyoanza na MSC Fantasia mwaka 2008, ina mgahawa wake, bwawa lake na wahudumu wake, na vinywaji vimo ndani ya nauli. Asiyekunywa pombe atakuwa anawalipia wengine.

Mkiani kabisa ni nauli isiyo na namba ya chumba, ambayo humruhusu mwenye meli kukupangia chumba atakachobaki nacho. Katika MSC nauli iitwayo Bella iko hivyo, wakati Fantastica hukuruhusu kuchagua. Nauli za namna hii aghalabu hazirudishwi, na hapo ndipo pasipoti ya Kenya inapoingia katika hesabu. Kwa safari za Ulaya, viza ikikataliwa fedha zimekwenda. Kwa Durban hatari hiyo ni ndogo, maana tangu Januari 2023 Wakenya huingia Afrika Kusini bila viza kwa hadi siku 90 kwa mwaka, mradi wawe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Kabla ya kukubali namba yoyote, ifungue ramani ya sitaha ya meli hiyo na utazame kilicho juu ya chumba na kilicho chini yake. Anayepanga nyumba Kilimani huuliza kama ghorofa ya chini ina baa, na hapa pia aulize. Chini ya bwawa la kuogelea viti huburutwa alfajiri. Juu ya ukumbi wa maonyesho ngoma hupenya hadi usiku. Karibu na omo mnyororo wa nanga huwaamsha watu mapema. Kilicho salama ni chumba chenye vyumba vingine juu na chini yake. Mlango wa kuunganisha vyumba viwili ni baraka kwa familia, lakini kwa wengine huleta mazungumzo ya majirani.

Wazazi wenye watoto wawili walinganishe bei mbili: chumba kimoja chenye vitanda vinavyoshushwa kutoka darini, ambapo abiria wa tatu na wa nne hulipa nauli pungufu, na vyumba viwili vya ndani vinavyotazamana, ambavyo huwapa bafu mbili. Wanachama wa chama wanaosafiri wawili wawili waombe mapema vitanda vitenganishwe, la sivyo watakuta vimeunganishwa kuwa kimoja. Anayesafiri peke yake ajue kwamba kampuni nyingi humtoza hadi nauli mbili kamili, kwa hiyo chumba cha ndani kwake ndicho chenye hasara ndogo.

Ankara ya wakala ionyeshe kama ushuru wa bandari na bahshishi ya kila siku vimo, na iwe na namba halisi ya chumba. Ukiona herufi GTY mahali pa namba, chumba bado hakijatengwa, hata kama wakala amekuahidi kwa mdomo sitaha unayoitaka.